Maji Vuguvugu ya Gatitu

Gatitu, Nyeri
19 Juni 2023

Kwako Watiri, unayebeba jina la mama yangu,

Naanza na habari mbaya, kwa kuwa tangi lako la viumbe wa bahari ndilo uliloniachia nilitazame. Konokono wako wamekufa. Si mmoja wala wawili, ni kumi na wanne. Nilipofungua pazia saa mbili asubuhi niliwakuta chali juu ya mchanga, hakuna aliyeshika kioo. Niliwahesabu mara mbili, kama tulivyokuwa tukihesabu vielelezo mahakamani, na hesabu haikubadilika. Miaka thelathini na mmoja nilisimama kati ya hakimu na shahidi nikigeuza Kikuyu kuwa Kiswahili, nikasikia mambo ambayo sikuyaleta nyumbani. Sikudhani kwamba uzeeni ningeduwazwa na konokono. Nilisimama pale na kikombe cha uji mpaka kikapoa.

Sasa majibu ya fomu yako, kwa mpangilio wako. Joto la maji: nyuzi ishirini na tano na nusu. Kiwango cha chumvi: kilekile. Stima: ilipotea Jumatano kwa saa mbili, betri ikaendesha pampu. Tumbawe la pembe: limekunjuka nusu tu. Tumbawe la ubongo: limejikunyata, minyiri haikutoka hata nilipolipa chakula. Kamba mdogo mwekundu: sijamwona tangu juzi.

Mwisho wa fomu umeuliza, “Na wewe, Baba?” Mimi nipo. Ukungu wa mwezi huu umekaa juu ya Gatitu kama blanketi lililoloa, na chai ya Kangari uliyoniachia bado ipo.

Baba yako,
Gikonyo

*

Kisumu
22 Juni 2023

Baba mpendwa,

Barua yako imefika jana na basi la mchana, nikaisoma nikiwa nimesimama katika ofisi ya vifurushi, watu wakinipita. Ningepiga simu, lakini tangu masikio yako yaikatae simu, mazungumzo yetu huishia kwa “ati?” na “ati nini?”, na jambo hili halivumilii kusikika nusu.

Kumi na wanne kwa pamoja! Uzee hauwezi kuwaua wote asubuhi moja. Najaribu kutulia. Wanafunzi wangu wa takwimu nawaambia kila wiki kwamba tukio moja halithibitishi sababu, na hapa nilipo tayari ninatafuta sababu. Ninachojua ni kidogo: konokono na kamba ndio hutangulia kufa madini mabaya yanapoingia majini. Matumbawe hufuata. Yanaonekana mawe, Baba, lakini kila moja ni ukoo mzima wa wanyama wadogo waliojijengea mifupa ya chokaa, na wanyama hao hawana pa kukimbilia. Miaka tisa iliyopita Rowda aliponikatia vipande kutoka tangi lake la Nanyuki, vilikuwa vya ukubwa wa ukucha. Sasa pembe inajaza kona nzima. Nikilipoteza tumbawe hilo, sijui kama nina miaka tisa mingine ya kulirudisha.

Tafadhali nijibu mawili. Kwanza, je, kuna kitu kipya chochote kilichoingia majini? Pili, Moffat alitumia chumvi ipi alipobadilisha maji mara ya mwisho? Nimemwomba Rowda aje na vipimo vyake vya maabara.

Nimefurahi kuona mwandiko wako umenyooka. Januari herufi zako zilikuwa zikitetemeka hadi nikaogopa. Nadhani ile bangili ya shaba niliyokununulia Karatina inatuliza baridi yabisi ya vidole vyako, ingawa mtu wa taaluma yangu hapaswi kusema hivyo bila ushahidi.

Wako,
Watiri

*

Gatitu
27 Juni 2023

Kwako Watiri,

Swali la kwanza: hapana, kwa kadiri ninavyojua.

Swali la pili linahitaji maelezo. Unajua Moffat huhifadhi mzigo wa duka lake la dawa za mifugo katika stoo yetu. Nilikwenda kuangalia. Gunia la chumvi ya bahari ni tupu. Kando yake kuna mfuko wa chumvi ya ng'ombe, umefunguliwa, na kikombe cha kupimia kimo ndani. Alipokuja nilimuuliza, na nakupa maneno yake kama yalivyotoka.

“Moffat, hii imefunguliwa na nani?”

“Ni mimi, mzee. Nilitolea ng'ombe ya Monicah kikombe moja.”

“Siku ile ya kubadilisha maji?”

“Siku hiyo hiyo. Kwani ng'ombe iko na siku yake ya kula chumvi?”

“Nijibu nilichokuuliza.”

“Ai, mzee! Ulistaafu lini? Hata kanzu ya hakimu umenivalia!”

Alicheka. Mimi sikucheka, naye akaacha. Alisema chumvi ya bahari iliyosalia ilitosha ndoo mbili za mwisho. Hukumu si kazi ya mkalimani, kwa hiyo naishia hapo.

Tumbawe la pembe, mama, linakufa. Jumapili nilipotoka kanisani lilikuwa jeupe kuanzia shinani hadi urefu wa kidole. Jumatatu weupe ulikuwa umefika katikati. Nyama yake inabanduka na kuelea kama ganda la kiazi kilichochemka. Sikujua kwamba kitu kilichochukua miaka tisa kinaweza kuondoka kati ya ibada moja na chai ya saa nne ya kesho yake. Ubongo bado una rangi upande mmoja. Fomu nimeiambatisha.

Baba yako,
Gikonyo

*

Kwa barua pepe
Nanyuki, 30 Juni 2023

Dada Watiri,

Amani iwe nawe. Nimerudi sasa hivi kutoka Gatitu na bado mikono yangu inanuka tangi lako.

Nimepima mara nne, kwa sababu mara ya kwanza nilidhani nimekosea. Ni shaba. Rangi ya kipimo ilipanda mbele ya macho yangu. Maji yako yana shaba ya kuua kila kitu kisicho na uti wa mgongo. Nimeweka mkaa wa kuchujia, na tumebadilisha theluthi ya maji kwa chumvi yangu mwenyewe niliyoibeba kutoka nyumbani. Nimekata ncha mbili za pembe zilizokuwa bado hai, niko nazo hapa katika ndoo. Usiniulize kama zitapona.

Kisha nikasoma mfuko ule wa stoo. Chumvi ya ng'ombe huongezwa shaba, Watiri. Imeandikwa pale ubavuni kwa herufi ndogo. Sisemi zaidi. Baba yangu Guled anauza mifugo maisha yake yote, na anasema Moffat huyu ni mtu safi.

Mzee alinipokea vizuri sana, akiwa amevaa makoti mawili. Baridi yenu si mchezo. Aliniandalia chai na mandazi lakini yeye hakugusa, akasema amekula mapema.

Rowda

*

Kisumu
1 Julai 2023

Ndugu Moffat Mutahi,

Nimejitahidi kuandika barua hii bila hasira, na sina hakika kwamba nimefaulu.

Maji ya tangi langu yamekutwa na shaba. Chumvi ya ng'ombe ina shaba. Chumvi ya bahari ilikuwa imekwisha au inakaribia kwisha. Mfuko wa chumvi ya ng'ombe ulifunguliwa na wewe siku uliyobadilisha maji, na kikombe unachopimia kimekutwa ndani yake. Sijui kama ulikosea mifuko au uliona kwamba chumvi ni chumvi. Ninajua tu kwamba kwa miezi sita nimekuamini na nyumba yangu, na nimeduwaa.

Tafadhali mkabidhi Monicah jirani ufunguo wa stoo, na uondoe mzigo wako. Baba asisumbuliwe kwa maelezo.

Dkt. Watiri Gikonyo

*

Gatitu
5 Julai 2023

Kwa Madam Watiri,

Barua yako nimesoma mara tatu hapa kaunta, hata mteja akaniuliza kama nimefiwa. Ufunguo nimepatia Monicah. Mzigo nimetoa.

Mimi sijaweka chumvi ya ng'ombe kwa maji yako. Hiyo chumvi iko na rangi ya vumbi ya matofali. Ningeweka kikombe moja tu, tangi ingekuwa kama chai ya rangi, na mzee angeona, kwa sababu mzee huona kila kitu. Kikombe nilitumia kwa ng'ombe baada ya kumaliza maji, sio mbele. Mimi naweza kosea kuku dawa, lakini siwezi haribu maji ya mtu nikikunywa chai yake.

Kitu ingine. Kuna mambo mzee alinikataza kukuambia na tukapeana mkono. Sio ya chumvi. Sitasema, hata ukinifukuza mara mbili. Lakini muulize. Na umuulize kitu yenyewe, kwa sababu yule mzee hujibu tu ile ameulizwa.

Ni mimi,
Moffat

*

Kwa barua pepe
Kisumu, 8 Julai 2023

Rowda mpenzi,

Nimeikunja barua ya Moffat na kuikunjua mara nyingi hadi inachanika kwenye mkunjo. Huenda anasema kweli kuhusu rangi. Sikufikiria rangi. Nilikuwa na vitu vitatu vilivyokaa pamoja, mfuko, kikombe na shaba, nikavifunga kwa kamba moja na kuita kifurushi hicho ushahidi. Mwanafunzi wangu angefanya hivyo ningempa sifuri.

Sasa nisaidie kufikiri. Kipimo ulichorudi kukifanya tarehe nne, siku nne baada ya kubadilisha maji, kinaonyesha shaba imepanda tena. Chumvi uliyotumia ilikuwa yako. Moffat hakuingia. Kama shaba ingekuwa imeletwa na ndoo zake, ingepungua. Inayopanda ina chemchemi, na chemchemi hiyo bado imo ndani ya tangi. Sina uhakika; nimekosea mara moja wiki hii na naweza kukosea tena. Lakini je, unaweza kurudi Gatitu ukainua mawe?

Na maneno yale ya Moffat kuhusu Baba yananisumbua. Najiambia ni jambo dogo. Labda ameanza tena kuvuta tumbaku.

Watiri

*

Kwa barua pepe
Nanyuki, 11 Julai 2023

Watiri,

Keti kwanza. Kama uko darasani, toka nje.

Nimeinua mawe. Nyuma ya pembe, pale pa kina ambapo mkono unafika tu ukisimama juu ya kigoda, nimekuta bangili. Ile ya shaba ya Karatina. Imekuwa kijani na imelika upande mmoja kama biskuti iliyochovywa kwenye chai. Nimeitoa kwa koleo la plastiki, nikaiweka mezani mbele ya mzee. Aliitazama.

“Kumbe ilikuwa huko,” akasema.

“Mzee, ilitokaje mkononi? Watiri aliniambia ilikubana hata ikabidi muipanue kidogo.”

Alivua koti la kwanza, akavua la pili, akakunja mkono wa shati na kunionyesha. Watiri, mkono wa baba yako unaingia wote kati ya kidole changu gumba na cha shahada. Mashavu nilidhani ni uzee. Yale makoti hayakuwa ya baridi. Sikuligundua mara ya kwanza, mimi ambaye kila siku naona wagonjwa hospitalini.

Alinieleza kwamba kila asubuhi, tangu Februari, huingiza mikono yote miwili katika tangi kwa dakika kumi. Hapo ndipo penye maji ya joto nyumba nzima mchana na usiku, na vidole vyake hulegea. “Nikitoka hapo ndipo ninaweza kushika kalamu,” alisema. “Barua zote za Watiri nimeziandika na mikono ya maji haya.” Siku moja mwezi wa tano alirudi mezani bila bangili, akadhani imedondoka shambani.

Nikamuuliza anakula nini. Uji mwepesi. Chakula kigumu kinakwama kifuani tangu Machi. Moffat alimpeleka kliniki mjini mara mbili, wakampa karatasi ya kwenda kutazamwa koo kwa kamera, naye akaitia katika Biblia. Alinitaka niahidi kunyamaza. Niliahidi, na nikiwa barabarani nikavunja ahadi. Mungu anisamehe, na wewe pia, kwa kutoona siku ile ya mandazi.

Rowda

*

Kisumu
12 Julai 2023

Baba,

Una uzito wa kilo ngapi?

Watiri

*

Gatitu
14 Julai 2023

Kwako Watiri, mama yangu,

Hamsini na moja. Januari nilikuwa na sabini.

Umeuliza swali moja nami nimelijibu, na kwa desturi yangu ningeweka kalamu chini. Lakini Rowda ananiambia ulilia kwenye simu yake mpaka akashindwa kukuelewa, kwa hiyo leo nitasema na nisiyoulizwa. Nivumilie, sijazoea.

Mahakamani tulimwambia kila shahidi: jibu ulichoulizwa. Mtu akianza kueleza shida za mkewe, nilimkatiza kwa Kikuyu, “Hukuulizwa hayo.” Nilifanya hivyo kwa maelfu ya watu. Sasa chukua fomu yako uitazame. Ina mistari ishirini na mitatu. Mstari wa kwanza hadi wa ishirini na mbili ni wa maji na matumbawe. Wa mwisho unasema, “Na wewe, Baba?” Swali hilo nililitafsiri kuwa salamu, na salamu hujibiwa kwa salamu. Sikukudanganya hata mara moja. Nimepitia nakala za majibu yangu, yote ni ya kweli. Ndiyo maana nimekaa hapa tangu asubuhi nikishangaa, kwa sababu ushahidi wa kweli tupu umekufikisha mahali ambapo uongo ungekufikisha.

Ulipouliza kama kuna kitu kilichoingia majini, nilijua bangili imepotea. Sikujua imepotelea wapi. Nilisema “kwa kadiri ninavyojua,” nikajiona nimekuwa mwangalifu. Na ulipomfukuza Moffat nilinyamaza, kwa kuwa ningemtetea ningelazimika kueleza kwa nini yeye na mimi tulikwenda mjini. Hilo ndilo linaloniaibisha, kuliko koo. Nilimwacha mtu aliyenishika mkono kliniki ahukumiwe kwa mfuko wa chumvi.

Sababu yangu unaijua, ingawa hukuiuliza. Mama yako alipougua uliacha masomo Nairobi ukarudi hapa miaka miwili. Uliyamaliza ukiwa na miaka arobaini na mmoja. Kazi hii ya Kisumu ni ya mwaka wa majaribio. Nilipiga hesabu: Desemba utathibitishwa, Desemba nitasema. Nilidhani koo litasubiri Desemba.

Nasikitika kuhusu pembe. Nilikuwa nikilitazama kila asubuhi mikono yangu ikiwa majini, nikasema moyoni kwamba sisi wawili tunafaidi hita moja. Sikujua kwamba mkono wangu ndio uliolipelekea sumu. Bangili ilikuwa zawadi yako, na ilikuwa nzuri, na haikuwa na kosa mpaka mkono ulipokuwa mwembamba.

Usije kabla ya mitihani ya wanafunzi wako.

Gikonyo

*

Imepelekwa kwa mkono
Gatitu, 17 Julai 2023

Moffat,

Nimefika jana jioni, sikungoja mitihani, na kesho nampeleka Baba hospitali Nairobi. Nimeona karatasi ya kliniki yenye tarehe mbili, na kando yake umeandika kwa kalamu nyekundu, “Nimeleta mimi M. M.” Nilikuandikia barua ya mtu mwenye hakika, na hakika hiyo haikuwa na msingi. Uliweka neno lako kwa mzee hata lilipokugharimu jina lako kwangu. Naomba radhi. Sikuombi urudi, ila mlango uko wazi.

Watiri

(Nyuma ya karatasi hiyohiyo, kwa kalamu nyekundu:)

Madam, hiyo imeisha. Nakuja saa nne na chumvi ya bahari, imefika. Lakini leo utaonja wewe kwanza! Mzee asipande gari bila mto wa mgongo, barabara ya kwenda Nairobi itamuumiza. — M.

*

Wodi ya tatu, Nairobi
21 Agosti 2023

Kwako Watiri, mama yangu,

Fomu uliyonitengenezea nimeipokea. Naona safari hii mistari yote ishirini na mitatu ni yangu. Nimeijaza.

Uzito: hamsini na mbili. Nilipima na viatu, daktari akanikemea, basi andika hamsini na moja na nusu. Chakula: uji na supu kwa mrija, mara sita. Maumivu: yapo, asubuhi zaidi. Usingizi: saa nne, mwenzangu wa kitanda cha pili hukoroma kwa lugha nisiyoweza kuitafsiri. Mionzi: nimemaliza siku ya kumi na mbili kati ya ishirini na tano. Kukunjuka: nadhani mstari huu umeunakili kutoka fomu ya zamani kwa bahati mbaya, lakini nimeujibu. Nusu.

Daktari alinieleza jana kwamba uvimbe umo katika umio, njia ya chakula, na haujaonekana kwingine, ila anataka picha nyingine kabla ya kusema. Nilimuuliza, “Ningekuja Machi ingekuwaje?” Akasema, “Mzee, hilo usiniulize.” Ndiye shahidi wa kwanza maishani mwangu kukataa swali, nami nikamruhusu.

Uniwie radhi kwa mwandiko huu. Hapa maji ya bomba ni baridi.

Nina swali moja tu kwako. Je, kuna tumbawe lililobaki hai?

Baba yako,
Gikonyo

*

Gatitu
24 Agosti 2023

Baba mpendwa,

Swali lako kwanza. Ndiyo. Upande mmoja wa ubongo, ukubwa wa kiganja cha mtoto, umerudisha rangi, na jioni hutoa minyiri. Pembe lote limekufa. Nimeacha mifupa yake mahali pake kwa sababu samaki hulala humo. Kati ya ncha mbili alizokata Rowda, moja imeshika jiwe kule Nanyuki. Ni ndogo kama ukucha. Kipimo cha shaba leo hakikubadilika rangi.

Mwandiko wako nimeusoma wote. Mstari wa “kukunjuka” sikuunakili kwa bahati mbaya.

Sasa niseme na usiyouliza. Chuo kimenipa likizo bila kuahidi kitu, na sijui kama Desemba nitakuwa na kazi. Moffat huja Jumanne na Ijumaa, na amekataa kabisa kutumia kikombe. Anapima chumvi kwa mzani wa duka na kunionyesha kila mara, hata nikimwambia naamini. Monicah amekuletea shuka. Watu hunieleza kwamba kama matumbawe yasingekufa, nisingejua habari zako hadi Desemba, kwa hiyo wanayashukuru. Nimejaribu kuamini hivyo, Baba, na siwezi. Ni hitimisho linalofariji mno kwa ushahidi mdogo mno. Nilikuwa na barua zako kumi na tisa mezani, kila moja yenye mwandiko mzuri kuliko iliyotangulia, na nikasifu bangili.

Leo asubuhi kulikuwa na ukungu hadi dirishani. Nilivua saa, nikapanda juu ya kigoda chako, nikaingiza mikono yote miwili katika maji na kuiacha humo dakika kumi kwa saa ya ukutani. Ni kweli, ni vuguvugu. Ubongo haukujikunyata. Kisha nikajipangusa na kuja kukuandikia, na hii ndiyo sababu ya alama ya maji hapo juu ya tarehe.

Jumapili nitakuwa hapo saa sita, na chupa ya maji ya moto ya kushika.

Hukuniuliza, lakini nakujibu: ninaogopa.

Watiri